Usiizike Video Ambayo Bado I Hai

Ndugu msomaji, picha ya karatasi ina heri moja ambayo video ya kompyuta haina. Picha ya karatasi, hata ikipauka rangi na kuliwa kingo zake na mende, bado ukiishika mkononi unamwona babu amesimama na bakora yake. Haihitaji mkalimani. Video iliyomo ndani ya kompyuta, simu au flashi haiko hivyo. Yenyewe ni msururu mrefu wa tarakimu, wala jicho la mwanadamu haliwezi kuusoma. Sharti ipatikane programu ya kuzigeuza tarakimu hizo kuwa sura na sauti. Mkalimani huyo akikosekana, au asipoijua lugha iliyotumika, au sehemu moja ya msururu huo ikipotea, kioo hubaki cheusi na ujumbe mfupi hutokea ukisema kwamba faili haliwezi kufunguliwa.

Hapo ndipo hasara inapoanza, na tuseme wazi tangu mwanzo kwamba aghalabu hasara hiyo hailetwi na ujumbe ule, bali na yale tuyatendayo baada ya kuusoma. Mmoja husema, "Limeharibika hili, lifute tupate nafasi." Mwingine huifomati kadi ya kamera kwa sababu kompyuta imemwomba afanye hivyo. Wa tatu hupakua kutoka kwenye intaneti kila programu inayojitangaza kuwa ni dawa, na kabla ya jioni kompyuta nzima imeingia virusi. Ilhali faili lile pengine halikuwa na dosari yoyote. Kama ni filamu ya sinema, hasara ni ndogo, maana nakala nyingine zipo. Lakini likiwa ndilo faili pekee lenye sauti ya bibi akiwausia wajukuu zake, au arusi ya binti, au maneno ya mwisho ya mzee ambaye sasa yuko kaburini, hakuna duka duniani litakaloweza kuliuza tena.

Kwa hiyo Jumapili hii tutaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kulipima faili la video lililokataa kucheza, kabla mtu hajakata shauri kwamba limekufa.

Sharti la kwanza: usiguse asili

Kabla ya kujaribu lolote, nakili faili hilo mahali pengine, kisha majaribio yako yote yafanye juu ya nakala. Asili iache kama ilivyo. Kama lilikuwa katika kadi ya kamera au flashi, itoe kadi hiyo uiweke kando. Usipige picha nyingine juu yake wala usiongeze chochote. Ikiwa kompyuta itauliza kama uifomati, jibu liwe hapana. Kufomati ni sawa na kufagia chumba ili kutafuta pete iliyodondoka: yamkini pete yenyewe ikaenda na takataka.

Ikiwa kunakili kwenyewe kunakwama katikati, au kompyuta inalalamika kwamba haiwezi kusoma, basi tayari umejua jambo kubwa. Ugonjwa hauko katika video, uko katika chombo kilichoihifadhi: kadi, flashi, diski au hata waya. Jaribu tundu jingine la kompyuta, jaribu waya mwingine, jaribu kompyuta nyingine. Diski ngumu inayotoa sauti ya kugongagonga usiiwashewashe ovyo. Izime, uipeleke kwa fundi anayejua kazi hiyo.

Kasha na vilivyomo ndani yake

Sasa yatupasa kufahamu faili la video limejengwa vipi, maana asiyejua nyumba ilivyojengwa hawezi kujua inavujia wapi.

Watu wengi hudhani kwamba herufi za mwisho wa jina la faili, kama vile MP4, AVI, MKV au MOV, ndizo zinazoeleza aina ya video. Sivyo. Herufi hizo hutaja kasha tu. Kasha la AVI lilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1992. MOV ni la kampuni ya Apple, na MP4 lilijengwa juu ya msingi wa hilo la Apple. MKV lilianza mwaka 2002. Ndani ya kasha mna vitu vitatu: mna picha, mna sauti, na mna faharasa inayoeleza picha ipi iko wapi na iende na sauti ipi.

Picha na sauti hizo hazikuwekwa ndani zikiwa nzima. Zimebanwa. Hebu tupige hesabu tuone sababu yake. Picha moja ya video ya kiwango cha kawaida cha siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta huhitaji baiti 3 kueleza rangi yake. Picha moja basi ni baiti 6,220,800. Kwa sekunde moja hupita picha 25, nazo jumla yake ni zaidi ya baiti milioni 155. Arusi ya saa moja ingehitaji gigabaiti zipatazo 560, na flashi ya gigabaiti 64 ingejaa hata dakika saba hazijatimia. Simu nyingi zisingeweza kuubeba mzigo huo. Ndiyo maana wahandisi walibuni njia za kubana: kama ukuta ulio nyuma ya bwana arusi haubadiliki, hakuna haja ya kuuandika upya mara 25 kila sekunde, yatosha kuandika kilichobadilika.

Njia ya kubana na kubanua huitwa kodeki. Nazo kodeki ni nyingi, kila moja na lugha yake. Iliyoenea sana huitwa H.264, nayo ilitolewa mwaka 2003. Mwaka 2013 ikaja H.265, ambayo pia huitwa HEVC, yenye uwezo wa kubana zaidi bila kuharibu sura. Mwaka 2018 ikatolewa AV1. Sauti nayo ina kodeki zake.

Hapa sasa ndipo fumbo linapofumbuka. Mafaili mawili yanaweza kuwa yote ni MP4, moja likacheza na jingine likakataa, kwa sababu kasha ni moja lakini lugha iliyomo ndani si moja. Programu yako inapokataa, mara nyingi haisemi kwamba faili ni bovu. Inasema, "Mimi lugha hii siijui."

Vipimo vinne vya kuanzia

Kipimo cha kwanza ni uzito. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, utazame sifa zake. Video ya simu ya dakika kumi yapasa kuwa na mamia ya megabaiti. Ukikuta sifuri, au kilobaiti moja au mbili, basi hakuna video pale. Yawezekana kunakili kulikatizwa kwa kuichomoa flashi mapema. Katika hali hiyo rudi kule ilikotoka, maana pengine bado ipo. Likiwa lilipakuliwa kutoka kwenye intaneti na jina lake linaishia kwa herufi kama "part" au "crdownload", upakuaji haukwisha; lipakue upya.

Lakini kilobaiti moja au mbili zina maana nyingine tena. Wako virusi wa flashi ambao huyaficha mafaili yako halisi, kisha huweka mahali pake vialama vya njia ya mkato vyenye majina yale yale. Mwenye mali huona jina, hubofya, hakuna kitu, naye husambaza virusi kwa kila kubofya. Kumbe mali yake ingali ndani ya flashi, imefichwa tu. Tiba yake ni kuisafisha kwanza flashi kwa programu ya kuzuia virusi, kisha kuyafichua mafaili. Katika Windows fungua dirisha la amri, na kama flashi yako imepewa herufi E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu bonyeza kitufe cha kuingiza. Mafaili yaliyofichwa yatajitokeza.

Kipimo cha pili ni kujaribu video nyingine katika programu ile ile. Kama hakuna hata moja inayocheza, basi mgonjwa ni programu au kompyuta yenyewe, wala si faili. Izime kompyuta na kuiwasha tena, uisasishe programu, kisha urudie.

Kipimo cha tatu ni kinyume chake: lile lile faili lijaribu katika programu nyingine. Hapa twapendekeza programu iitwayo VLC, ambayo mizizi yake ni kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, huko Ufaransa, iliyoanza mwaka 1996. Tangu mwaka 2001 imetolewa bure kwa ulimwengu mzima. Heri yake ni kwamba kodeki zake inazo yenyewe tumboni, haiendi kuziazima kwa Windows. Kwa sababu hiyo mafaili mengi yanayokataliwa na programu iliyokuja na kompyuta hufunguka mara moja katika VLC. Ichukue kutoka kwenye tovuti ya wenyewe, ambayo ni videolan.org, wala si kwa walanguzi wanaoifungasha pamoja na mambo mengine.

Kipimo cha nne ni kulijaribu faili katika kifaa kilichorekodi. Likicheza katika simu ile na kukataa katika kompyuta, faili ni zima. Shida ni ya lugha, au ni ya njia lilivyosafirishwa.

Soma dalili

Daktari huuliza, "Unaumwa wapi?" Nasi tuulize hivyo hivyo.

Ukisikia sauti bila kuona picha, kodeki ya picha haipo. Ukiona picha bila kusikia sauti, kwanza hakikisha sauti haikuzimwa, maana fundi wengi wamelipwa kwa kuifungua tu. Kisha ujue kwamba kodeki ya sauti haipo. VLC hutibu yote mawili mara nyingi.

Picha ikiwa inaruka na kusuasua huku sauti ikiendelea, kompyuta imezidiwa. Hili hutokea hasa kwa video kubwa za nukta 3,840 kwa 2,160, zilizobanwa kwa HEVC, zinapochezwa katika kompyuta ya miaka mingi. Faili halina kosa. Funga programu nyingine zote, nakili faili ndani ya diski ya kompyuta badala ya kulichezea ndani ya flashi ya mwendo wa kobe, au liligeuze kuwa umbo dogo zaidi kama tutakavyoeleza.

Kioo kikiwa kijani au rangi zikivurugika tangu mwanzo hadi mwisho, mara nyingi ugomvi uko kati ya programu na kadi ya picha ya kompyuta. Ndani ya mipangilio ya VLC, upande wa kodeki, pana chaguo la kuiachia kadi ya picha kazi ya kubanua. Lizime, ufunge programu na kuifungua tena.

Dalili inayowapata wengi siku hizi ni hii: ndugu aliye na iPhone anatuma video ya sherehe, nayo inakataa kucheza katika kompyuta ya Windows. Tangu mwaka 2017 simu za Apple zilianza kurekodi kwa HEVC, na kodeki hiyo ina haki za wenyewe zinazolipiwa. Kwa hiyo Microsoft iliitenga na kuiuza dukani mwake kwa senti 99 za dola kwa watumiaji wa Windows ambao kompyuta zao hazikuja nayo. Mwenye VLC hahitaji kununua. Na mwenye simu akitaka kuwapunguzia jamaa usumbufu, ndani ya mipangilio ya kamera yake upande wa miundo pana chaguo la kurekodi kwa namna inayofahamika na vifaa vingi zaidi.

Video za diski za zamani

Nyumba nyingi zingali na arusi na ubatizo katika diski za VCD na DVD, na hapa makosa ya kunakili ni mengi. DVD ina folda iitwayo VIDEO_TS. Ndani yake mna mafaili makubwa ya VOB, ambayo ndiyo video yenyewe, na mafaili madogo ya IFO, ambayo ni maelekezo tu. Mtu akinakili madogo na kuacha makubwa, amebeba orodha ya chakula na kuacha chakula chenyewe. Nakili folda yote kama ilivyo, kisha uielekeze VLC kwenye folda hiyo.

VCD ni tofauti kidogo. Video yake hukaa katika folda ya MPEGAV, ikiwa na jina lenye kuishia na DAT, nayo VLC huifungua. Na usishangae Windows ikikataa DVD: tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, Microsoft iliacha kuweka uwezo huo ndani ya mfumo wake wa kawaida, na kompyuta nyingi mpya hazina hata tundu la diski. Basi maadamu kompyuta yenye tundu hilo bado yapatikana kwa jirani au kwa fundi, zihamisheni video hizo sasa. Diski zile haziishi milele, hasa zile za kuchoma nyumbani, ambazo joto na jua huziharibu mapema.

Kurekodi kulikokatizwa

Tumefika sasa kwenye faili ambalo kweli limeumia. Betri ya simu ilikwisha katikati ya hotuba, au kadi ilichomolewa kabla kamera haijamaliza kuandika. Faili lina uzito mkubwa, lakini VLC nayo imekataa.

Kumbuka ile faharasa tuliyoitaja. Kamera na simu nyingi zinaporekodi MP4 au MOV huandika picha na sauti kwanza, na faharasa huiandika mwishoni kabisa, ukibonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zote zimo, sauti yote imo, lakini hakuna ukurasa wa kueleza kipi kiko wapi. Ni kama maktaba iliyojaa vitabu, bali namba za rafu zimebanduliwa.

Faili la namna hii lina matumaini. Iko programu ya bure iitwayo untrunc, nayo hufanya kazi kwa njia ya werevu sana: huomba video nyingine nzima, iliyorekodiwa kwa kifaa kile kile na kwa mipangilio ile ile, huitazama ilivyopangwa, kisha huunda faharasa mpya kwa ile iliyoumia. Kwa hiyo simu au kamera iliyorekodi usiiuze wala usibadili mipangilio yake. Rekodi nayo video fupi ya mfano, uitunze kwa ajili ya matengenezo. Kwa mafaili ya AVI yaliyopoteza faharasa, VLC yenyewe hugundua na kuuliza kama iijenge upya. Kubali, kisha usubiri.

Ikiwa faili limekwisha kufutwa, bado usikate tamaa. Kufuta katika kadi ya kamera huondoa jina tu. Tarakimu hubaki pale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Programu ya bure iitwayo PhotoRec, licha ya jina lake, hutafuta video pia. Sharti lake ni kwamba yanayookolewa yaandikwe katika diski nyingine, wala si katika kadi ile ile. Kwa mafaili yaliyofutwa katika simu na kompyuta nyingi za siku hizi matumaini ni madogo, kwa kuwa vifaa hivyo husafisha nafasi iliyoachwa wazi vyenyewe, tena upesi.

Jihadhari na waganga wa uongo

Penye msiba wezi hawakosi. Mtu aliyeshikwa na hamu ya kuona video hubofya lolote, na wahalifu walilijua hilo zamani. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2005 ilienea programu ya hila iliyoitwa Zlob. Ilijionyesha kama kodeki: tovuti humwambia mtazamaji kwamba ili aone video hii sharti apakue kodeki fulani, naye akiipakua huwa amefungua mlango kwa mwizi. Jina limebadilika, hila ni ile ile. Tovuti ikikuambia kwamba video yake haichezi mpaka uweke kitu, ifunge.

Hila ya pili ni ya jina. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, hivyo kitu kiitwacho arusi.mp4.exe huonekana kama arusi.mp4. Hiyo si video, ni programu, na ukiibofya itatenda ilichotumwa. Agiza Windows ionyeshe majina kamili. Na video isiyokuwa na mwenye kuituma anayejulikana, iache.

Kadhalika wako wenzetu wanaofuata mashauri ya kale ya kuweka QuickTime katika Windows. Apple iliacha kuitunza programu hiyo kwa Windows mwaka 2016, na serikali ya Marekani iliwashauri watu mwaka huo huo waiondoe kwa sababu ya mianya iliyoachwa wazi. Usiiweke.

Kubadili jina si kubadili asili

Yako makosa mengine yanayofanywa kwa nia njema. Mtu anaona faili la MKV limekataa, analibadili jina liwe MP4, kisha anashangaa. Kuandika "sukari" juu ya kopo la chumvi hakuifanyi chai iwe tamu. Anayetaka kujua kilichomo ndani ya kasha atumie programu ya bure iitwayo MediaInfo. Itamwambia kodeki ya picha, ya sauti, urefu na ukubwa. Anayetaka kugeuza kwa kweli atumie HandBrake, ambayo nayo ni ya bure. Achague MP4 yenye H.264 kwa picha na AAC kwa sauti, maana mchanganyiko huo hukubalika katika televisheni, simu na kompyuta karibu zote. Lakini ajue kwamba kila kugeuza hupunguza ubora kidogo. Asili aitunze, iliyogeuzwa ndiyo ya kutazamia.

Hali kadhalika video inayotumwa kwa WhatsApp kama video hubanwa tena njiani. Mpiga picha akuletee faili lenyewe katika flashi au diski, au alitume kama waraka, ndipo utakapokuwa na asili.

Kinga

Akiba haiozi, husema wahenga. Lakini akiba ya tarakimu huoza ikiwekwa mahali pamoja. Video ya thamani iwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya pembeni, na moja nje ya nyumba hiyo, kwa ndugu wa mji mwingine au katika hifadhi ya intaneti. Moto, mwizi na mvua havipigi hodi. Flashi si mahali pa kutunzia urithi. Ni mkoba wa safari.

Usichomoe flashi bila kuiaga kompyuta kwa njia iliyowekwa. Ukiona flashi inakataa faili kubwa ijapokuwa ina nafasi, fahamu kwamba mfumo wa zamani uitwao FAT32 haupokei faili moja lenye kufikia gigabaiti 4. Mfumo wa exFAT ndio unaofaa. Kuubadili ni kuifomati flashi, na kuifomati ni kuifuta. Ondoa kwanza vyote vilivyomo.

Mara moja kwa mwaka, pengine familia inapokutana kwa sikukuu, zifungueni nakala zote mzitazame. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Na wakati wa kuzitazama waandikieni watoto majina: huyu ni nani, ilikuwa wapi, mwaka gani. Video inayocheza lakini haina anayewatambua waliomo, nayo imekufa kwa namna yake.

Mwisho, ukilazimika kwenda kwa fundi, mpe nakala, si asili. Mweleze video ilirekodiwa kwa kifaa gani, ilikatizwa vipi, na umejaribu nini. Mwambie mbele ya shahidi kwamba haruhusiwi kufomati bila kukuuliza. Fundi mwema hatachukia kuambiwa hivyo. Atakuheshimu kwa kujua unachokitunza.

Haraka haraka haina baraka. Kioo cheusi si hati ya kifo. Pima uzito, jaribu programu nyingine, soma dalili, tunza asili. Na ukisha kufanya hayo yote ndipo uamue. Hadi Jumapili ijayo, ndugu msomaji, tunakutakia mapumziko mema wewe na walio nyumbani kwako.